Aliyepika Haoshi

Jioni moja mke alimtegea mama mkwe wake kitendawili mezani, kulipiza, maana bibi huyo hakuwa na siku ya kuwaacha wale kwa amani bila kuwategea chake.

"Nyumba yangu haina mlango wala dirisha, ukuta wake mafuta matupu, na mgeni huingia humohumo ukutani."

Mama mkwe akafikiri mpaka chai ikapoa. "Yai? Aa, yai halina mgeni. Haya, chukua mji."

"Nimeuchukua na nimeshahamia. Ni seli, mama. Mwili wako wote umejengwa kwa nyumba hizo."

"Na mgeni ni nani?"

"Mgeni anatengenezwa na mwanao."

Ndiyo iliyokuwa kazi yao. Mume alitengeneza peptidi, yaani vipande vidogo sana vya protini, akiviunga kimoja baada ya kingine kama mtu anayetunga shanga. Kazini walimwita Fundi Shanga, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Mke alikaa chumba cha pili cha maabara hiyohiyo, kwenye mashine ya infraredi, ule mwanga ambao jicho halioni ila ngozi huuhisi kama joto. Alitandaza utando wa mafuta, mwembamba kama ukuta wa seli, juu ya kioo kidogo, akatia peptidi za mumewe, akabana pumzi huku akifunga kifuniko, kwa kuwa hata unyevu wa pumzi mashine ile huuchora. Kisha mstari ulijitokeza kwenye skrini, una vilima na mabonde. Kilima kikisimama upande huu, peptidi imenyooka. Kikisimama upande ule, imejikunja. Na dawa ya kuua vijidudu waliyokuwa wakiitafuta ilimtaka mgeni anayejikunja akishaingia ukutani.

Siku hiyo kilima kilikuwa kimesimama upande ule. Mkuu wa maabara, mama mmoja ambaye meno yake watu waliyaona kwa nadra, alikitazama akacheka, akaanza kualika watu waje kusikia habari. Ndiyo maana jioni ile mke alikuwa na moyo wa kutega kitendawili.

Kesho yake, kabla ya kuandika ripoti, mke akapima peptidi nyingine ya kulinganishia, ambayo mumewe aliitunga makusudi isiweze kujikunja hata ukiibembeleza. Kilima kikasimama palepale. Akarudia. Palepale. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema; huyu alikuwa mkavu kama kuni na bado mashine inasema amekunjika.

Akajiuliza, hizi mbili zina undugu gani? Undugu wao ni kutoka meza moja. Na kwenye meza ile kulikuwa na asidi kali ambayo fundi huitumia kusafishia peptidi, nayo hung'ang'ania kama kupe; lazima peptidi ioshwe tena ndipo asidi iachie. Mke akachukua tone la asidi ile peke yake, bila peptidi, akaliweka kwenye kioo.

Kilima hicho hapo, kimetulia kama mwenye nyumba.

Muda si mrefu uliopita mumewe alikuwa ameharibu kazi ya chumba kingine, na mkuu akamwambia mbele ya watu, "Kosa la pili, utafute pa kwenda." Akisema, anamfukuzisha mumewe. Akinyamaza, watu watajenga dawa juu ya kilima cha uongo. Akashinda siku nzima kama aliyekwamwa na mfupa kooni, hautemeki wala haumezeki.

Jioni mume alipika. Mke akawa anaosha sufuria, mume anafuta sahani.

"Fundi, zile peptidi ulizonipa, ulikuwa umeshaziosha ile asidi?"

"Kuziosha? Si unaosha wewe?"

"Mimi?"

"Kule nilikotoka, anayepima ndiye anayeosha. Mimi natunga, nasafisha, nakukabidhi."

"Na mimi nilijua ukinikabidhi zimeshaoshwa."

Mama mkwe alikuwa mlangoni akishona ukosi wa shati. "Mambo yenu ya jikoni mmeyapeleka kazini," akasema. "Humu ndani aliyepika haoshi. Basi na huko kila mtu anamngoja mwenzake, sufuria inanuka."

Mume aliweka kitambaa chini. Alikuwa ameshaelewa.

"Umemwambia mkuu?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Angekuwa fundi mwingine, ungeanza na nani?"

Mke akaisuuza sufuria. "Ningeanza na mkuu."

"Kwa hiyo umenipendelea usiku mmoja."

"Ndio niliokuwa nao. Kesho nitasema. Na nitasema mimi pia sikuuliza."

"Usinibebe mgongoni mbele ya watu," akasema mume, akatoka nje.

"Mwache," akasema mama mkwe. "Huyo tangu mdogo, akitoka hivyo anatafuta maneno, hatafuti ugomvi."

Asubuhi mume aliondoka kwanza. Mke alipofika mlangoni kwa mkuu akamkuta mumewe yumo ndani, amesimama wima.

"Kilima kile ni asidi yangu," alikuwa akisema. "Sikuziosha."

"Mkeo anajua?"

"Yeye ndiye aliyegundua."

Mke akaingia. "Na mimi nilizipokea bila kuuliza."

Mkuu akawatazama mmoja mmoja. "Mnalala chumba kimoja na hamkuwahi kuulizana?"

"Nyumbani tunaongea mengine, mkuu," akasema mume.

Mkuu hakucheka. "Nenda kaoshe. Nitatazama mwenyewe, kisha nitajua la kufanya na wewe."

Mume akaiosha peptidi ile ya kwanza, akaikausha kwenye baridi kali, akarudia kuiosha na kuikausha. Ilipokuwa tayari wote watatu wakasimama mbele ya mashine wamebana pumzi. Mke akafunga kifuniko. Mstari ukaja polepole, na pale palipokuwa na kilima pakawa tambarare kama kitanda kilichotandikwa. Kilima kidogo kilisimama upande huu: mgeni aliingia ukutani amenyooka kama msumari.

Mkuu akakaa. "Na nilishaalika watu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kumsikia nayo.

Walimwacha akae. Baadaye akamgeukia mume. "Ukibadilisha shanga ya katikati, unaweza kuifanya ijikunje?"

"Naweza kujaribu."

"Jaribu. Uanze leo."

Mke akafungua kifuniko, akashusha pumzi, na mashine, kwa kuwa ilikuwa wazi, bila shaka iliinasa.

"Haya, tokeni," akasema mkuu. "Nina simu za kupiga."

Wakiwa kwenye korido walimsikia akianza ya kwanza: hapana, kilima kile hakipo, hapana, kosa ni letu. Mume akashika njia ya meza yake, kisha akageuka, akaenda kwanza kumchemshia mkuu chai.