Alama ya Makaa kwenye Pipa

Mimi hasira yangu iko karibu, na watu wa Makadara wanajua: usimuulize Wamalwa habari za pampu kama huna nusu saa ya kukaripiwa. Basi mwaka ule wa 1981, jirani yangu Mahmud aliponiletea pampu kuukuu ya kiwandani, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, akasema anataka kuifunga kwenye tangi lake la samaki, nilimfokea palepale.

"Hii ni ya kunyonya mto! Bomba lako la kushushia maji ni nusu inchi. Yatapanda mengi kuliko yanayoshuka, na mama yako ataogelea sebuleni."

Mahmud alicheka. Tangi lenyewe, la kioo, alilinunua mnadani akaliweka sebuleni juu ya meza ya chuma. Chini yake tuliweka pipa. Maji yakizidi tangini yanashuka kwa bomba hadi kwenye pipa, na pampu inayarudisha juu. Nilipima kwa debe na saa ya mkononi mpaka nikapata pampu ndogo ya kutosha, kisha nikaweka bomba la kushushia la inchi moja, ili lisilemewe hata kidogo. Nilijisifu wiki nzima.

Jambo moja sikujisifia. Bi Kadija, mamake Mahmud, alilalamika kwamba maji yanayorudi yanalia chururu na kumharibia sala, kwa hiyo nikalizamisha bomba la kurudishia hadi katikati ya tangi, kukawa kimya. Nilijua pampu ikizimika bomba lililozama litavuta maji kurudi chini. Ndiyo maana nilimwambia Mahmud, "Hilo pipa lisijae. Acha nusu, siku zote." Akaitikia, nikaenda zangu.

Jumamosi moja ya Aprili, saa tisa mchana, redio yangu ilikatika katikati ya mpira. Stima imepotea, mtaa mzima hauna umeme. Nikakumbuka sijawahi kuliona tangi likiwa limezimika, nikavuka ua nikaione kazi ya mikono yangu. Mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo nilivaa gambuti zangu za mpira.

Kwa Bi Kadija huingii na viatu. Hata msoma mita huviacha mlangoni. Nilikuwa nimevua kimoja, mguu uko juu ya kizingiti, nilipoona maji yakitoka chini ya pazia.

Nilivuta pazia. Sebule nzima ilikuwa maji. Pipa lilikuwa limejaa pomoni na bado linamwagika. Bi Kadija alikuwa ameinama, miguu mitupu, kanga ameifunga kibwebwe, anakausha kwa tambara. Mjukuu wake Lela, wa miaka minne, alikuwa akirukaruka majini akicheka.

Mkeka ulikuwa umesogea pembeni. Pale ulipokuwa niliiona waya ya ekstensheni, ya kuleta stima ya pampu kutoka chumbani, imelala majini, pamoja na ule muungo nilioufunga tepu mimi mwenyewe, kwa haraka, nikijiambia kwamba mkeka utauficha. Stima ilikuwa imepotea, ndiyo. Lakini ikirudi haipigi hodi.

Nimeogopa mara nyingi maishani, sijawahi kuogopa vile.

"Mama! Tokeni kwenye maji!"

"Tutoke twende wapi na nyumba inazama?" alijibu bila kuinua kichwa. "Njoo ushike tambara, baba."

"Stima ikirudi mtakufa!"

"Si imepotea?" akasema, akakamua tambara lake.

Nilirudisha mguu ndani ya gambuti. Nimbebe Lela kwanza, au nichomoe plagi? Nikimbeba mtoto, bibi yake atabaki. Plagi ilikuwa chumbani, nyuma ya kitanda. Niliingia na viatu.

"Wamalwa! Viatu! Hapa ndipo ninaposwalia!"

Niliiruka waya. Lela alidhani ni mchezo, akanifuata akipiga maji kwa miguu, na kila hatua yake ilinikata maini. Chumbani kulikuwa kukavu. Nilikisukuma kitanda, hakikuenda. Nikasukuma tena kwa bega, nikapenyeza mkono, nikaishika plagi na kuivuta kwa nguvu zangu zote.

Sijapumua hata mara tatu, ng'ambo ya ua redio yangu, niliyoiacha bila kuizima, ikaanza kupiga kelele za mpira. Stima imerudi.

Niliketi sakafuni, plagi mkononi, nikalia kama mtoto. Lela alisimama mlangoni akinitazama, maji yakimchuruzika miguuni. Bi Kadija alikuja nyuma yake kunigombeza, akaisikia ile redio, akaitazama plagi, halafu miguu yake. Akamshika mtoto akamkumbatia.

Mahmud alirudi saa kumi na moja. "Nani amejaza pipa?"

"Mimi," alisema mama yake. "Maji ya mfereji yametoka leo alfajiri baada ya siku mbili. Pipa gani Makadara huachwa nusu maji yakitoka?"

"Lakini fundi alisema lisijae!"

"Alimwambia nani?"

Wote wawili wakanigeukia. Hasira yangu niliitafuta ije inisaidie, haikuja.

"Nilimwambia Mahmud," nikasema. "Na waya niliiunga mimi, nikaificha chini ya mkeka."

"Huyu Mahmud," alisema Bi Kadija polepole, "tangu azaliwe amejaza pipa siku gani?"

Jioni ile nilitoboa tundu kwenye bomba la kurudishia, karibu na uso wa maji, ili stima ikipotea hewa iingie na maji yaache kuvutwa. Waya nikaiondoa, nikaleta nyingine nzima isiyo na muungo, nikaipandisha juu ukutani. Bomba likaanza tena kulia chururu. Bi Kadija hakulalamika.

Alikwenda jikoni akarudi na kipande cha kaa, akanipa mkononi.

"Nionyeshe mimi," alisema. "Maji yafike wapi?"

Nilipiga magoti mbele ya pipa nikachora mstari. Ulitoka kombo. Bi Kadija aliutazama, akamwita Lela, akakiweka kidole cha mtoto juu yake ili naye aujue.