Siku Paka Alipokula Mara ya Mwisho

Betri ilikuwa imevimba hadi mfuniko wa nyuma ukaachia. Niliitoa, nikapachika nyingine, nikaiweka simu yao katikati ya meza. Yangu niliiweka kando yake, ikirekodi.

Mama Mkubwa alisogeza kiti. Mumewe, Baba Mkubwa, alisimama nyuma yake, amejifunga kitambaa shingoni, pale madaktari walipomtoa kikoromeo.

Ndani ya simu yao mlikuwa na mchezo wa kufuga paka, uliotengenezwa kwa simu za kisasa. Mimi niliupunguza uingie kwenye yao, simu ya kugusa ya kizamani isiyosikia mpaka uibonyeze kwa ukucha. Niliondoa rangi, bustani, muziki. Faili la mlio wa paka nalo lilikuwa kubwa mno kwa simu hiyo, basi badala yake nikamrekodi Baba Mkubwa kwa utani, maneno mafupi ya paka mwenye njaa. Sasa hakuna mahali pengine sauti yake ilipobaki, na tundu la waya la simu hiyo limekufa, siwezi kuihamisha.

Paka akipitisha siku mbili bila kula, hufa, na mchezo hufuta kila kitu chake, hata sauti. Tangu hospitali, simu ilikuwa imelala kabatini, imezimika.

Skrini ikawaka: Weka tarehe.

Mama Mkubwa akanyoosha kidole. Nikamzuia.

"Ukiweka ya leo, amekufa. Tuidanganye. Tuweke siku aliyokula mara ya mwisho. Tukizidisha, njaa itamuua. Tukirudi nyuma yake, mchezo utadhani umeharibika, uanze upya."

"Tarehe nane. Nilimlisha mwenyewe tukisubiri gari la hospitali," akasema Mama Mkubwa.

Baba Mkubwa akatikisa kichwa. Akainua vidole kumi, kisha kimoja.

"Kumi na moja si ndiyo ulipasuliwa? Usituletee hadithi, mume wangu."

Akarudia. Kumi. Kimoja.

"Dawa za usingizi hizo. Mwanangu, weka nane."

Ukucha wangu ukabaki hewani. "Baba Mkubwa, simu ulikuwa nayo wewe?"

Akamnyooshea kidole mkewe, kisha mlango, kisha akajifanya anakunywa. Mkono wake mwingine ukajificha chini ya shuka isiyokuwepo, kidole gumba kikibonyeza.

"Ulinituma maji," Mama Mkubwa akasema polepole. "Asubuhi ile. Na ulikuwa umekatazwa hata kulamba tone." Akamgeukia. "Kumbe ulinifukuza! Mwenyewe hujala, unalisha paka!"

Baba Mkubwa akainamisha macho kama aliyefumaniwa.

"Weka kumi na moja," Mama Mkubwa akaniambia.

Nikaweka, saa nikaipeleka usiku, ili paka awe na njaa ila asife. Skrini ikawa nyeusi. Ikakaa nyeusi. Mama Mkubwa aliukamata ukingo wa meza.

Paka akafumbua jicho moja.

"Mke wangu, nina njaa," akasema kwa sauti ya Baba Mkubwa.

Midomo ya Baba Mkubwa iliyafuata maneno yote, bila sauti. Nikapeleka ukucha kwenye bakuli la chakula, lakini Mama Mkubwa akaudaka mkono wangu.

"Subiri kwanza," akasema. "Mwache aseme tena."