Kipa Asiye na Tanzia

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, Gana Kuncheva alikuwa uani kwake akianika jezi za timu, na alipofika mwisho wa kamba akakuta ana jezi kumi na moja. Timu ya Levent ya kijiji cha Lipnovo ilikuwa na wachezaji kumi. Alihesabu tena, maana ana miaka themanini na sita na macho yake siku hizi si ya kuaminika, lakini hesabu ikawa ileile. Ya kumi na moja ilikuwa ya sufu nzito, ya kijani, kiwiko kimeshonwa kwa uzi mweusi. Mshono ule aliufahamu. Ulikuwa wa mama yake.

Akaikamua, akaibana kwa vibanio vitatu kwa sababu sufu ikilowa ni nzito, akaingia ndani kuinjika maharagwe.

Jioni alipozipeleka jezi uwanjani, kaka yake Lalyo alikuwa langoni akidaka mipira. Alikuwa na miaka ishirini na minne, kama alivyokuwa mwezi Mei mwaka 1949, siku ambayo watu wawili wenye makoti ya ngozi walimchukua kutoka chumba cha kubadilishia nguo, mechi imekwisha, hata miguu hajanawa. Magoti yake yalikuwa bado na chokaa ya siku ile.

"Umezeeka, Ganke," alisema Lalyo.

"Na wewe umechelewa. Umekula?"

"Bado."

"Basi maliza kudaka. Maharagwe yapo jikoni."

Lipnovo hakuna aliyeuliza swali. Kule mtu hahesabiwi amekufa mpaka tanzia yake ibandikwe: karatasi yenye picha, jina na tarehe, moja mlangoni kwake, moja kwenye nguzo ya umeme, moja kwenye mti wa kituo cha basi. Siku arobaini zikipita hubandikwa nyingine, na mwaka ukitimia nyingine tena, ili marehemu asije akajisahau. Yonko mwenye duka alipofariki, mashine ya kuchapia ilikuwa mbovu, na kwa siku tisa nzima alifungua duka kama kawaida na kuwapunja watu sukari kama kawaida. Tanzia ilipobandikwa tu akafunga milango, akaenda zake.

Lalyo hakuwahi kubandikiwa chochote. Nyumbani kwao hawakuambiwa siku wala mahali, na mchapaji hapokei tanzia isiyo na tarehe.

Aliyemleta ni Doncho Minchev, mwenyekiti wa klabu, kinyozi kwa kazi, mtu mwenye huruma nyingi na uongo kidogo. Chama cha mpira kilitaka majina kumi na moja, la sivyo klabu ifutwe, na vijana wa Lipnovo walikuwa wamekwenda Uhispania kuchuma stroberi. Doncho akalifungua daftari kuukuu la wanachama, akatafuta jina lolote ambalo halijakatwa. Marehemu wote walikuwa wamekatwa kwa wino mwekundu, tarehe pembeni. Mmoja tu hakuwa amekatwa. Asiyekuwepo na lake halipo, Doncho alijisemea, ila jina lake lipo. Akaandika: Kunchev, Lalyo, kipa. Chama kikagonga muhuri. Siku ya tatu kipa akafika.

"Nimesikia nimepangwa," alisema.

"Karibu, mzee," akajibu Doncho, ambaye ana miaka hamsini na minane. "Glovu unazo?"

"Glovu? Kwani kuna baridi?"

Gana alikuwa amezifua jezi za klabu hiyo tangu mwaka 1957, na historia yake aliijua kwa vidole. Levent ilianzishwa mwaka 1924 na mwalimu mmoja, kinyozi mmoja na ndugu wawili waliokuwa wakiuza nyati wa kulimia. Tangu hapo imebadilishwa jina mara tano, kila mara kwa amri. Iliunganishwa na timu ya watu wa reli ikapewa jina la kiwanda cha chuma kilichoko nchi nyingine. Halafu ikawa Nyota Nyekundu, halafu ikapewa jina la mkuu fulani ambaye baada ya miezi minane ilikatazwa kumtaja, halafu ikawa timu ya kiwanda cha makopo ya pilipili hoho. Kiwanda kilipokufa ndipo ikarudishiwa Levent. Kila mara Gana alifumua nembo moja na kushona nyingine. Mashabiki, wakitema maganda ya mbegu za alizeti, huyatumia majina yote kama matusi, kwa ngazi. Kukosa bao la wazi ni Nyota Nyekundu. Kujifunga mwenyewe ni kile kiwanda cha chuma.

Ile Mei walicheza na timu ya polisi wa wilaya, wakubwa wamejaa jukwaani. Wakati wa mapumziko, mwenyekiti wa enzi hizo alimnong'oneza Lalyo aachie japo moja, kwa heshima ya wageni. "Mikono yangu haijui siasa," alisema Lalyo, akarudi akadaka penalti mbili. Kwenye ukuta wa ofisi ya klabu, mahali palipoandikwa historia yake mwaka kwa mwaka, mwaka huo una mstari mmoja: *Kipa L. Kunchev aliacha mpira.* Aliacha! Neno hilo lilimuuma Gana kila Jumanne, akiingia na kikapu cha jezi na akitoka. Angeambiwa kaka yake alikuwa mwizi asingeumia hivyo.

Kila mwaka mwezi wa kwanza aliiandikia idara fulani mjini, kuuliza kaka yake alifia wapi na siku gani. Idara hiyo nayo imebadilisha majina mengi kuliko klabu, ila jengo ni lilelile na mlango ni uleule. Haikuwahi kujibu. Gana hakutaka mengi. Alitaka tarehe, achapishe tanzia, achemshe ngano na sukari, awagawie watu makaburini kama wenzake wote. Lalyo alipokuja, jambo la kwanza baada ya maharagwe alimuuliza mwenyewe.

"Kule kambini hatukuwa na kalenda," alisema Lalyo akipangusa sahani kwa mkate. "Kulikuwa na mto pande zote, na matete. Siku yenyewe ilinyesha."

"Mvua ya masika au ya vuli?"

"Ganke, mvua ni mvua. Ongeza maharagwe."

Basi msimu ukaenda, na ulikuwa msimu mtamu. Lalyo alidaka mikono mitupu, akiwatukana mabeki wake kwa matusi ambayo wazee jukwaani hawakuyasikia tangu utotoni, wakafuta machozi kwa kucheka. Matatizo yalikuwa madogo. Mechi ya kwanza beki alimrudishia mpira kwa mguu, Lalyo akaudaka, refa akapuliza filimbi.

"Hairuhusiwi kushika pasi ya kurudishiwa," alisema refa.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka tisini na mbili, mzee."

"Mbona sikuambiwa?"

Refa akaliona ni swali la haki, akamsamehe kadi ya njano, lakini adhabu ikapigwa palepale.

Mwisho wa mwezi wa tano ikabaki mechi moja, dhidi ya Dren, kijiji cha ng'ambo ya mlima ambacho watu wa Lipnovo hukioza binti zao lakini hawakisamehe. Levent ilihitaji sare ili isishuke daraja. Ikishuka haina pa kwenda, maana chini ya ligi ile hakuna ligi, na meya alikwisha kuwaahidi uwanja watu wa mitambo ya umeme wa jua.

Alhamisi Doncho akafika kwa Gana, kofia mkononi.

"Shangazi, nakuomba kitu kimoja. Jibu la idara likija, usibandike kabla ya Jumapili."

"Ala! Miaka sabini na mitano halijaja, lije wiki hii?"

"Ndivyo mambo yalivyo, shangazi. Huja siku mbaya."

"Nina miaka themanini na sita, Doncho. Nikifa mimi, nani atamchemshia ngano?"

"Jumapili tu ipite. Jumatatu gundi nakushikia mimi mwenyewe."

Gana alikuwa na hasira, na alijua hasira yenyewe haikuwa ya Doncho. Miezi mitatu alikuwa na mtu wa kugombana naye mezani: chumvi kidogo, chumvi nyingi, funga mlango unaingiza nzi. Alikuwa amezoea. Na alijua kwamba akiipata ile tarehe aliyoiomba maisha yake yote, ndiye atakayemfungia kaka yake mlango kwa mkono wake. Lakini kumwacha akidaka mipira milele bila ngano, bila jiwe, bila hata siku ya kukumbukwa, huo nao si ungwana.

Ijumaa barua ikaja. Bahasha ya rangi ya maziwa, muhuri wa idara. Gana akaitia mfuko wa aproni, akaenda kumenya viazi.

Jumapili ilikuwa na jua. Timu ilipotoka, mke wa Doncho akaweka ndoo ya maji yenye ua mlangoni, nahodha akaipiga teke maji yakamwagika, kama inavyotakiwa mtu akianza jambo zito. Watu wa Dren walikuja na ngoma na zumari. Gana alikaa safu ya mbele, mkono juu ya mfuko wa aproni, akitafuna mbegu bila kusikia ladha. Karatasi iliyokuwa humo, kama angeifungua na kuipeleka kwa mchapaji, lango lile lingebaki tupu. Hakuifungua.

Mechi ilikuwa mbovu. Timu zote mbili ziliogopa, mpira ukakaa hewani kuliko chini. Dakika ya themanini na nane beki wa Levent akamkumbatia mshambuliaji wa Dren kwa upendo mwingi kupita kiasi, refa akaonyesha nukta. Penalti. Ngoma ya Dren ikanyamaza. Mpigaji akaupiga kwa nguvu, katikati kabisa, na Lalyo, ambaye hakuruka kokote, akapigwa nao tumboni. Akaukalia. Akakataa kunyanyuka mpaka refa alipomwomba mara mbili.

"Kiwanda cha chuma!" walipiga kelele mashabiki, safari hii kwa mapenzi. "Makopo ya pilipili! Nyota Nyekundu oyee!" Doncho alimbusu refa, akambusu kocha wa Dren, akawa anatafuta wa tatu.

Katika chumba cha kubadilishia nguo vijana walikuwa wakiimba na pombe kali ya rakia inazunguka kwa kikombe kimoja. Gana aliingia na kikapu, akakusanya jezi. Kisha akakaa kwenye benchi kando ya kaka yake, akatoa bahasha.

"Nisomee. Miwani nimeiacha nyumbani."

Miwani ilikuwa shingoni mwake. Lalyo akaipokea bahasha. Akafungua, akasoma kwa sauti ya kawaida.

Idara ilimshukuru raia Gana Kuncheva kwa barua zake. Kwa kuwa Lalyo Kunchev ameonekana katika orodha ya wachezaji wa msimu huu, idara haikuona haja ya kutafuta tarehe ya kifo chake. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba mwaka 1949 aliondoka kwa hiari yake, na hajawahi kutoa maelezo. Anaombwa afike Jumatano, chumba namba sita, kwa mazungumzo mafupi. Hana haja ya kubeba chochote. Hatakawia.

Lalyo akacheka. Alicheka kweli, akajipiga goti.

"Lo! Maneno yaleyale, Ganke. Hata koma hawajahamisha."

"Maneno gani?"

"Waliyoniambia pale mlangoni. Huna haja ya kubeba chochote. Hutakawia."

Gana alikuwa na miaka kumi na mmoja siku ile, amesimama nje ya mlango uohuo na chupa ya maji ya kumpa, na hakuwahi kujua walimwambia nini. Machozi yakamtoka, hakuyaficha.

"Na wewe ulibeba nini?"

"Sikubeba kitu. Niliwaamini." Akafikiri kidogo. "Soksi ningebeba. Kule miguu ndiyo iliyoteseka."

Doncho akaja na kikombe, akauliza kama kuna tarehe. Akaambiwa hakuna. Akajitahidi kusikitika, na kweli alisikitika, lakini Jumatatu asubuhi alikwisha kuliandika jina la Lalyo kwenye orodha ya msimu ujao.

Jumatatu na Jumanne Gana alifuma soksi. Jumatano walipanda basi la saa moja, na Lalyo alibeba mkoba: soksi jozi mbili, blanketi, mkate, jibini, sabuni ya kipande na mtungi wa pilipili hoho za kuchoma. Chumba namba sita kilikuwa na kijana mwenye tai nzuri na adabu nzuri. Aliwakaribisha, akamtazama Lalyo, akatazama picha ya mwaka 1949 kwenye faili, akaridhika kwamba ni yeye. Faili ilikuwa na picha tu na karatasi moja mpya isiyojazwa.

"Asaini hapa," alisema kijana, "kwamba aliondoka kwa hiari yake. Halafu apite mlango huu wa ndani, kuna wenzangu wawili wana maswali machache. Wewe, mama, unaweza kurudi nyumbani. Aje peke yake."

"Mara ya kwanza alikuja peke yake," alisema Gana, akavuta kiti, akakaa.