Viambatisho vya Mama

Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kwenye ukarani wa masjala, na kama kuna kitu kinanipandisha hasira ni sanduku la barua pepe lililojaa. Ofisini wananiita Fagio. Kanuni yangu ni moja: barua inabaki, kiambatisho kikubwa kinafutwa. Barua ndiyo ushahidi, mengine ni mizigo tu.

Ndiyo maana hospitali ya macho waliponipigia kwamba majibu ya baba wameyatuma mara mbili yakarudi, sanduku lake limejaa, nilikwenda kwake moto moto. Baba haoni tangu mwaka jana, na majibu yale ndiyo yangetuambia kama upasuaji utamrudishia hata jicho moja. Nikamkuta wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ambaye anaishi na baba na kumtunza. Nilimfokea kwanza, salamu baadaye, kisha nikakaa kwenye kompyuta.

Nikazipanga barua kwa ukubwa. Zilizoongoza zote zilikuwa za marehemu mama, za ile miaka minne aliyopika kwenye kambi ya wachimba mawe, mpaka alipofia huko huko. Mia mbili na kumi na mbili, kila moja imebeba faili zito lenye namba badala ya jina. Wifi akasogea, akaanza kusema, "Hizo za mama, dada..."

"Barua zake sigusi," nikamkata. "Mambo ya ofisi niachie mimi."

Akaenda kupika chai. Nani abishane na Fagio? Nikaondoa viambatisho vyote, nikamwaga na pipa la taka, kisirudi kitu. Barua zikabaki zimejipanga, nyepesi. Nilisikia raha, sidanganyi.

Majibu yakaingia kabla chai haijapoa. Nikamsomea baba polepole: mishipa ya macho imekufa, hakuna cha kupasua. Hakulia. Alipapasa meza, akaugusa mkono wa wifi.

"Basi," akasema. "Niwekee mama yenu."

Sikuelewa. Wifi ndiye aliyenieleza, macho yake sakafuni. Mama alijua macho ya mumewe yanafifia, kwa hiyo alikuwa akirekodi sauti yake badala ya kumwandikia. Kila siku baada ya chakula cha mchana wifi humwekea rekodi moja, na baba huisikiliza mara mbili. Hazikuhifadhiwa pengine popote. Zilikuwa zikifunguliwa humo humo ndani ya barua.

Nilitafuta kote ninakokujua, na mimi nakujua kote. Nikampigia fundi wetu wa kompyuta ofisini. Aliuliza swali moja tu, kama nimemwaga pipa. Nikakata simu.

Ilibidi nimwambie. Nilipiga magoti mbele ya baba yangu, mtu mzima mimi, kama mtoto aliyevunja sahani, nikasema nimezifuta mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Baba akauliza kama barua zenyewe zipo. Nikasema zipo, zote.

"Nisomee."

Nikafungua ya kwanza. Ilikuwa na neno moja. Nikafungua ya pili, ya tano, ya mia. Neno lile lile. Mama wa watu, hakuona sababu ya kuandika zaidi.

"Sikiliza," nikasoma.

Baba akainamisha kichwa, akasubiri.