Kumngoja Kishungi

Nywele za mkia wa Kishungi, farasi jike niliyemtunza, zilikuwa zimegandana. Si matope, maana mvua ilikuwa haijanyesha, na si kinyesi, maana nilikuwa nimemwosha jana yake. Nilizichambua kwa vidole, zikadondoka punje nyeupe kama uji uliokaukia kwenye mwiko. Nikanusa, kisha nikaenda kumwita mjomba. Naye alinusa, akasema, "Huyu huko ndani hakujakauka."

Mwaka uliotangulia Kishungi alizaa mtoto ambaye hakusimama hata mara moja, na kondo la nyuma likabaki tumboni mpaka siku ya pili. Tangu hapo kila alipopandishwa hakushika mimba. Daktari wa mifugo alikuja na mashine yake ya kutazama ndani, akatuonyesha kwenye kioo doa jeusi: maji machafu yaliyotuama kwenye mfuko wa uzazi kama maji ya mvua kwenye tairi bovu. Mbegu ikiingia humo inakufa, alisema, na dume akimpanda kabla hajasafika anauchochea ugonjwa. Kila anapochochewa, kizazi kinapata kovu. Makovu yakishakuwa mengi, basi tena. Akamsafisha kwa maji ya chumvi kupitia mpira mrefu, akamchoma sindano ya kukibana kizazi kisukume maji nje. Akaagiza kwamba jike akiingia joto aitwe yeye kwanza, achukue ute kwa pamba akaupime. Majibu yakiwa safi, ndipo apandishwe.

Bosi wetu, mama mmoja asiyependa kubishana na wageni, alikubali palepale. Gari la daktari lilipotoka getini alimwambia mjomba mengine. Dume tuliyekuwa naye, tuliyemwita Bwana Harusi kwa maringo yake, alikuwa wa kuazima na angerudishwa kwao Jumamosi. Majibu ya pamba yangechelewa. Kishungi alikuwa wa mwisho kati ya farasi walioachwa na baba yake bosi, na umri ulikuwa unamtupa mkono.

"Siku akionyesha joto, mpandisheni," alisema. "Daktari tutamwita baadaye."

Hakuwa mtu mbaya. Kila jioni alimletea Kishungi karoti na kumwita dada.

Kazi ya kujua kama ameonyesha ilikuwa yangu. Asubuhi mjomba humleta Mshenga, dume mfupi mwenye tumbo la pipa, ambaye kazi yake ni kutongoza tu. Akikubaliwa, anaondolewa, analetwa mwingine. Mjomba humpa pole kila siku: "Ndiyo ushenga huo, bwana. Unapeleka maneno, mwenzio anapewa chumba." Tunawasimamisha wakitenganishwa na ubao mrefu, mjomba ameshika hatamu ya Mshenga upande ule, mimi nimeshika kamba ya jike upande huu. Yeye anaona masikio, mimi naona mkia. Jike ambaye hajawa tayari hulaza masikio na kurusha mateke, lakini Kishungi masikio alikuwa akiyalaza hata kwa anayempenda, kwa hiyo kwake ilitegemewa habari ya mkia. Mjomba huuliza, nami hujibu neno moja. Mimi ambaye hata dukani naonyesha kwa kidole, kazi ya neno moja ilinifaa.

Jumatano Kishungi aliuinua mkia. Aliuegemea ubao, akakojoa kidogo kidogo, na pamoja na mkojo likatoka tone zito la rangi ya maziwa yaliyoganda.

"Vipi?" mjomba akauliza.

"Bado," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Neno lilitoka, mjomba akamgeuza Mshenga, wakaenda zao. Siku ile sikukaa. Nilifagia banda, nikalifagia tena likiwa safi. Nilibeba ndoo mpaka bombani nikarudi nayo tupu. Kishungi naye alizunguka ndani ya chumba chake, akigusa mlango kwa kifua, akirudi, akigusa tena. Mchana mjomba aliniambia kama nimekalia siafu nihame, maana sahani yangu ilikuwa inapoa. Kila mlango wa nyumba kubwa ulipolia niligeuka. Nilijua kwamba nikigundulika nitafukuzwa, na mahali pa kurudi hapakuwepo. Kwa mume nilikuwa nimeshaondoka, na huko nyuma waliniachia sifa moja tu: hazai.

Alhamisi nikasema bado. Mjomba aliniangalia kwa muda mfupi kuliko kawaida, nadhani kwa makusudi.

Ijumaa bosi akaja mwenyewe. Hakwenda kusimama upande wa mjomba. Alikuja upande wangu. Mshenga hakuwa amefika vizuri kwenye ubao, Kishungi akauinua mkia.

"Mbona naambiwa bado?" bosi aliuliza.

"Labda ameanza leo, bosi," mjomba akasema haraka. "Hawa hubadilika kama mawingu." Akanitazama juu ya ubao. Alikuwa amenifungulia mlango, nami kazi yangu ilikuwa kupita tu, kimya.

Bosi akamwambia amlete Bwana Harusi.

"Ameanza tangu juzi." Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Ameanza tangu juzi. Nilisema bado kwa kusudi. Anatoa usaha, bosi. Tazama." Nikaushika mkia nikauinua juu.

Alinitazama mimi badala yake. "Siku hizi wewe ndiye mwenye farasi?"

"Hapana."

"Na mwakani akizeeka asishike, utanizalia wewe?"

Mjomba akakohoa, akainamia hatamu. Mkia sikuushusha. Mwishowe bosi akainama. Alipitisha kidole pale, akakinusa kama tulivyofanya sisi, akakipangusa kwenye suruali yake. Kisha akamwambia mjomba ampigie daktari simu, akaondoka.

Daktari alikuta lile doa bado lipo, ingawa limepungua. Hakuahidi kitu. Alisema huenda mwakani, huenda isiwe kabisa. Alimsafisha tena, akataka atembezwe ili maji yateremke.

Jumamosi Bwana Harusi alipanda lori akilipiga mateke. Bosi alisimama getini ametupa mgongo mpaka likapotea, kisha akapita mbele yangu bila salamu. Hakunifukuza. Hakusema pia kwamba nitabaki.

Nilimtembeza Kishungi kuuzunguka uwanja. Mjomba akaja akaandamana nami, mikono nyuma.

"Tangu uje kwangu sijakusikia ukiongea vile," alisema. "Nilidhani ulimi waliubakiza kule kwa mumeo." Akacheka kidogo, akaacha. "Lile swali la bosi lilikuwa baya, mama. Nilipaswa kulijibu mimi."

Kishungi alivuta kamba, nikamfuata, mjomba naye akatufuata. Hakuwa amewahi kuniuliza kwa nini niliondoka kwa mume, na hata wakati huo hakuniuliza. Nikamwambia nikiwa natembea, nikitazama shingo ya farasi:

"Mjomba, mtoto wangu mchanga alipokufa nilikuwa na homa, natoka uchafu kama wake. Mama mkwe akanirudisha chumbani kwa mume wangu, eti nisichelewe kushika mimba nyingine. Nilisikia maumivu kila siku, nikanyamaza. Siyo kwamba sizai. Hawakuningoja nipone."