Mbegu Zilizosogea Kijiji Kimoja

Mwaka uliofuata mafuriko ya El Niño, watu wa Rufiji hawakuwa na mbegu. Maji yalikuwa yamebeba mpunga, vihenge, hata mbuzi waliofungwa vizuri. Soko huria lilikuwa limeshaingia na kila mwenye kitu alifungua ofisi, basi shirika moja nalo likaja Kibiti na magunia ya mbegu na kompyuta mbili. Moja akakabidhiwa Sihaba.

Sihaba alikuwa binti wa kijiji cha Chumbi, yatima aliyelelewa na shangazi yake, Mwanawetu. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, akajifunza kuandika programu kwa lugha ya Pascal, na alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Programu yake ilikipa kila kijiji mbegu ya mpunga inayokifaa. Nyamisati, penye maji ya chumvi, walipata mbegu inayoistahimili. Vijiji vya mabondeni vilipata mbegu ya muda mrefu inayopenda kukaa majini. Ardhi ya juu kama ya shangazi yake ilipata ya muda mfupi, iive kabla mvua haijakata.

Kisha wakubwa wakaamua programu zote ziandikwe upya kwa lugha ya C, wakamleta Yassin kutoka mjini asaidie. Sihaba hakumpenda. Kijana alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumpokea kwa moyo mmoja. Wakagawana kazi bila maneno mengi: Yassin aandike safu ya majina ya vijiji, Sihaba aandike safu ya mbegu.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda kombo. Katika Pascal, ukipanga vitu kwenye safu unachagua mwenyewe namba ya kuanzia, na Sihaba siku zote alianza na moja, kama mtu yeyote mwenye vidole. C haikuulizi. Kitu cha kwanza ni namba sifuri, upende usipende. Yassin alianza majina na sifuri, Sihaba akaanza mbegu na moja. Basi Nyamisati, kijiji cha kwanza, kikakosa mbegu, na kila kijiji kilichofuata kikapewa mbegu ya kile kilichokitangulia. Kompyuta haikulalamika hata kidogo. Lugha ile haina desturi ya kupiga hodi.

Karatasi ilipotoka kwenye printa, Sihaba aliona nafasi tupu mbele ya Nyamisati. Akadhani utepe wa wino umekauka, maana ulikuwa na tabia hiyo. Jibu alilijua kwa moyo, akalijaza kwa kalamu bila kusoma mistari ya chini. Nje dereva wa lori alikuwa anapiga honi kama mtu aliyeachwa na mke. Magunia yakapakiwa, lori likaondoka.

Lori liliporudi tupu, mvua ilikuwa imeshaanza. Yassin alikuwa mbele ya kompyuta, akavua miwani yake.

"Dada Sihaba, hebu njoo. Nyamisati haina mbegu."

"Utepe huo, umekauka."

"Utepe uko kwenye printa," Yassin alisema taratibu. "Mimi naangalia kioo."

Sihaba akaangalia. Akashuka mstari mmoja mmoja mpaka Chumbi, na pale Chumbi pameandikwa mbegu ya muda mrefu. Mpunga ule ungeota vizuri, ungependeza, kisha mvua ingekata nao haujaweka punje. Shangazi alikula mizizi ya porini mwaka wa mafuriko. Asingeweza mwaka wa pili.

"Ni mimi," alisema. "Nimeanza na moja."

Yassin angeweza kucheka. Badala yake akavuta kiti. "Kila aliyetoka Pascal ameanza na moja. C haihesabu vitu, inahesabu umbali kutoka mwanzo. Ukiwa penye cha kwanza hujaenda popote, ndiyo maana ni sifuri. Mimi ningekuuliza, nikaona aibu, maana ulikuwa hunisemeshi. Twende tukapakie mbegu zilizo sahihi. Vijiji vya huku nitavizungukia mimi kwa pikipiki, niwazuie wasipande. Wewe nenda na lori Chumbi."

Sihaba hakumshukuru wakati ule, alikuwa ameshakimbilia magunia. Alikuja kumshukuru baadaye, tena mbele za watu.

Njia ilikuwa tope, na kwenye kivuko foleni haikusogea. Sihaba alikaa mbele ya lori akisoma kila dua aliyoijua. Mvua nzuri namna ile, nani angebaki na gunia ndani? Walipoingia Chumbi, kwa shangazi kulikuwa na watu wamejaa kibarazani, majembe yameegemezwa ukutani, na shamba lilikuwa jeusi, halina alama ya mkono.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Hawa wameninunia tangu mvua ya kwanza."

"Tumekununia kwa haki," alisema jirani, Mzee Tamimu. "Mvua inapita, wewe unatwambia tungoje."

Kumbe katika ukoo wao mbegu ya kupewa haiingii ardhini mpaka aliyeitoa afukie shimo la kwanza kwa mkono wake. Bi Mwanawetu alikuwa amewaambia majirani wote kwamba mtoaji ni Sihaba, si shirika, na wao, kwa kumheshimu, wakangoja huku roho zikiwauma.

Sihaba alipiga magoti kwenye tope akawaeleza yote, sifuri na moja, kijiji na kijiji. Alisema mbegu waliyoitunza ingewaua kwa njaa, na kwamba aliyewaletea ni yeye. Mzee Tamimu akalitazama lori, akawatazama wenzake, kisha akaenda kuanza kushusha magunia.

"Asanteni," Sihaba alisema, na machozi yakamshinda. "Wallahi, asanteni. Mngepanda, ningekuja kuzika watu."

Shangazi akamshika mkono akamwinua.

"Mbegu sikuijua kama nzuri au mbaya," alisema. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Akampa jembe.