Siku Darasa Lilipokaa Kimya

Skuli yetu ya wasichana, huko mtaa wa Ng'ambo, ilikuwa ukumbi mmoja wa mabati uliogawanywa kwa pazia la magunia. Huku darasa la pili, kule la kwanza. Ilikuwa miaka ya hamsini, na mpaka leo nikifumba macho naisikia ile kelele. Sote tulitokea chuoni, kwenye kusoma Kurani, na chuoni mtoto husoma kwa kupaza sauti, akinyamaza, bakora. Basi hata skulini tulipaza, na wazazi wakipita njiani hufurahi: "Leo wanasoma kweli!"

Mwamvua, niliyekaa naye dawati moja, aliwahi kuugua masikio. Penye kelele hasikii kitu. Akiulizwa hili, hujibu lile, nasi tukacheka. Baba yake, Fundi Usi, mshona kanzu, alishasema: asipojua kusoma kabla ya Ramadhani, atakaa nyumbani asuke ukili wa mikeka. Mwamvua aliniambia hayo huku akilia. Alikuwa anaipenda skuli kuliko sisi sote.

Mwalimu wetu, Bi Mwanakheir, hakuwa mtu wa bakora. Siku moja, wakati wa mapumziko, alimkuta Mwamvua peke yake uani, akamwuliza hesabu kwa sauti ya kawaida. Akajibiwa sawasawa. Akamwuliza nyingine, sawasawa. Akampapasa mtoto yule kichwa.

Kesho yake alikuja na mikeka mikuukuu ya kwao, akaitandika ili miguu ya madawati isikwaruze sakafu. Akamsogeza Mwamvua mbele. Kisha akaenda nyuma ya pazia kwa mwenzake wa darasa la kwanza, Bi Mwatum, kumwomba wanafunzi wake nao wanyamaze.

"Nikiwanyamazisha wangu, wazazi watasema nnalala," alisema Bi Mwatum.

"Robo saa tu kila siku, dada yangu. Nna mtoto anataka kusikia."

"Haya. Lakini wakija kunisema, ntawaleta kwako!"

Siku za mwanzo vicheko vilitubana. Baadaye tukazoea, tukawa tunawasikia hata kunguru wakitembea juu ya bati. Na Mwamvua, herufi kwa herufi, akaanza kusoma.

Ramadhani ilipokaribia, Fundi Usi alipita njiani. Hakusikia kitu. Akaingia bila hata hodi.

"Skuli gani hii, kimya kama makaburini? Mwamvua, chukua mkoba wako twende!"

Mwamvua alikuwa amesimama mbele, kitabu mkononi. Akamgeukia mwalimu.

"Endelea, mwanangu," alisema Bi Mwanakheir, kama kwamba hakuna aliyeingia.

Akaendelea. Alisoma habari ya kuku na vifaranga wake, polepole, ukurasa mzima. Nyuma mtu akapiga chafya, tukaanza kucheka.

"Shh! Nyamazeni!" Fundi Usi alitugeukia. "Hamuoni mwenzenu anasoma?"

Mwamvua alipomaliza, baba yake alijifuta uso kwa kofia yake, akamwinamishia mwalimu kichwa. Kisha akavua makubadhi yake, akayabeba mkononi, akatoka kwa ncha za vidole mpaka njiani.